Mkanda wa kifua: shajara ya mradi wa punda wa maji, Kisauni, Mombasa

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mradi huu umeanza bila mpango. Kibanda changu cha kushonea viti vya magari kiko kando ya barabara karibu na Barsheba, na maji huletewa na kijana wa mkokoteni wa punda, mitungi minne kila siku mbili. Leo mwanafunzi wangu hakuwa na chenji, nikatoka kulipa mwenyewe. Nzi walikuwa wamejaa kifuani mwa punda. Nikainama. Kamba ya nailoni ya manjano, ile ya kufungia magunia, ilikuwa imezama ndani ya nyama upana wa kidole kimoja, na kingo za kidonda zilikuwa nyeupe, ngumu, kama gaga la kisigino. Si kidonda cha jana, basi. Punda mwenyewe ametulia tuli, mdomo wa chini umelegea, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

"Haumwi huyu?"

"Angeumwa si angelia, fundi."

Nikatoa shilingi 80, kijana akashukuru, wakaenda. Nina miaka sita kwenye kibanda hiki. Miaka yote sita nimeoga na kupikia maji yaliyovutwa na kifua kile au na ndugu zake, na leo ndiyo mara ya kwanza kuzunguka upande wa mbele wa mkokoteni.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda kisimani alfajiri na daftari langu la vipimo vya viti. Kabla ya saa tatu walipita punda 14. Tisa wana vidonda: watano kifuani, watatu mabegani, mmoja mgongoni pale mikono ya mkokoteni inapolalia. Mzigo hauhitaji mizani: mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400, mkokoteni bado. Punda wetu ni wadogo, aliyeshiba atafika kilo 150 hivi. Kuvuta si kubeba, hilo nalijua, na kwenye lami tambarare gurudumu ndilo lifanyalo kazi kubwa. Lakini ukiacha lami ukaingia vichochoro vya Mwandoni ni mchanga mtupu, na mchangani gurudumu halimsaidii mtu.

Mkokoteni mmoja umeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu, mwandiko wa kupendeza: PUNDA AFE MZIGO UFIKE. Nilimwuliza mwendeshaji kwa nini akachagua maneno hayo. Akacheka, akasema yalikuwapo tangu alipoukuta. Methali za punda zinazotajwa sana ni mbili. Moja yamtaka afe, ya pili yamlaumu kwa kutoa asante ya mateke.

Jumamosi, 25 Januari

Mkanda wa kwanza umekamilika. Mikanda na sponji ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikuhangaika. Nimekusanya mikanda ya usalama kutoka matatu, magari ya abiria, zilizokatwa kuuzwa chuma chakavu. Mmoja una upana wa sentimita 5 kasoro. Nimeshona miwili ubavu kwa ubavu, nikaweka sponji ya inchi moja chini yake, nikaivika turubai nyeusi iliyobaki kwenye kazi ya pikipiki. Bizimu mbili za chuma za kurekebisha urefu. Ukiutazama utadhani ni kiti kipya cha gari.

Yule wa kidonda, ambaye jina lake ni Sultani, hawezi kuvishwa kitu mpaka ngozi ifunge. Jaribio ni kwa jike wa kijivu wa mwenye mali huyo huyo. Sultani hakupewa likizo. Kijana amepandisha kamba juu kidogo ya kidonda, kazi inaendelea.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwumiza mnyama.

Kaskazi inavuma, joto halina huruma, na sponji imefyonza jasho kama ilivyoumbwa kufyonza. Turubai ikalizuia lisitoke. Kufikia siku ya kumi jike wa kijivu alikuwa ametoka malengelenge kifua kizima. Bizimu ndiyo iliyoharibu zaidi: hewa ya chumvi imeila, ukingo ukawa msumeno, ukamkata nyuma ya bega mkato wa sentimita tatu. Mwendeshaji hakunigombeza. Aliuleta mkanda ndani ya mfuko, akauweka juu ya cherehani, akaondoka. Heri angenitukana.

Nimejiuliza kwa nini nilikimbilia turubai nyeusi siku ya kwanza. Jibu halinifurahishi: kwa sababu ilipendeza kwenye picha niliyompelekea ndugu yangu.

Sultani naye tangu juzi hali, amelala ubavu uani kwa mwenyewe. Daktari wa wanyama amemwosha usaha na kumdunga sindano, pamoja na ya kinga ya pepopunda, kwa maana ugonjwa huo huwapata punda na farasi upesi kuliko wanyama wengi. Tumeupa hata jina lake, na bado tunaacha kidonda wazi kwenye mavumbi. Daktari akanieleza pia kwa nini halii. Punda huficha maumivu. Asili yake ni mnyama wa jangwani, na huko anayeonekana kuchechemea ndiye simba anayemchagua. Hiyo "angeumwa angelia" ya kijana basi tuifute.

Jumamosi, 15 Februari

Nimempigia simu mjomba wangu Lamu, mji ambao vichochoro vyake ni vyembamba na punda ndiye gari. Huko kuna kliniki ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary tangu 1987, na yeye amepeleka wanyama wake pale mara nyingi. Alinicheka kwanza. "Weye washona viti vya watu wa kukaa. Punda hakai." Kisha akanifundisha, na nikaandika:

Mkanda ulalie juu ya kichwa cha mfupa wa bega, usiuguse, la sivyo kila hatua mfupa unasugua. Usipande mno ukafika kooni, la sivyo kila mlima anakabwa. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Mshono ukae nje, upande wa ngozi pasiwe na uzi wala fundo. Kinachogusa ngozi kiwe pamba au sufi, kitoke, kifuliwe kila siku, kwa sababu chumvi ya jasho ikikauka inakuwa msasa.

Nimefumua kila kitu. Sasa ni mikanda ile ile ya matatu, chini yake tabaka nne za blanketi kuukuu, zimevikwa marekani nzito, na mfuko mzima unavuliwa kama foronya. Bizimu nimeziacha, tunafunga kwa kitanzi na kijiti cha mbao, kama wazee walivyofunga matanga. Gharama, na kazi yangu bila faida, ni shilingi 850. Kila punda anahitaji foronya mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe.

Jumapili, 23 Februari

Leo sikushona. Nimekaa na vijana wanne kisimani chini ya mwarobaini, nikawauliza swali la kijinga: kwa nini mnampiga?

Hakuna aliyekasirika. Mmoja akachukua kijiti akanichorea mchangani. Mwenye punda anataka hesabu ya shilingi 600 kila siku, mvua au jua, Ijumaa au Jumapili. Mtungi wa maji matamu kisimani ni shilingi 5, mlangoni ni 20. Safari moja ya mitungi 20, ikiuzika yote, inaacha 300. Safari mbili za kwanza basi ni za mwenye mali. Pumba na majani ni shilingi 200 kwa siku, na hizo zinatoka mfukoni mwa mwendeshaji. Safari ya tatu inaondoka nazo, inabaki mia. Nyumba yake yeye, kodi, unga, karo, inaanza kuhesabiwa kutoka safari ya nne. Na kufikia safari ya nne ni saa saba mchana, punda amechoka, yeye amechoka.

"Sasa fundi, hapo ndipo mpira unapotoka," akasema. Mpira ni kipande cha chubu ya gari kilichofungwa kwenye kijiti.

Nikauliza dawa hulipwa na nani. Mwenye mali husema aliyemchuna alipe. Mwendeshaji husema punda si wake. Pumba nazo zikipanda bei, cha kwanza kupunguzwa ni pumba, na punda anaachwa usiku ajitafutie jaani, kwenye maganda ya maembe na mifuko. Nilikuwa nimekuja nikidhani natafuta mkono katili. Yule aliyechora mchangani ana kovu begani, pahali pale pale palipo kidonda cha Sultani; kabla ya kupata punda alivuta mkokoteni mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Ramadhani, mfungo wa sita. Wanaovuta na wanaoendesha wote wana kiu, ila mmoja anajua kwa nini.

Mwalimu wa madrasa ya jirani amesikia habari za mikanda, akawaita waendeshaji baada ya tarawehe. Hakuhutubia. Aliwasimulia kisa cha ngamia aliyemwona Mtume (s.a.w.) bustanini kwa mtu wa Ansari, akatoa sauti na macho yakamtiririka machozi. Mtume akampangusa, akauliza mwenyewe ni nani, kisha akamwambia: humchi Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyu aliyekumilikisha? Amenishitakia kwamba wamtia njaa na wamchosha. Kimya. Kijana mmoja akainua mkono, kwa adabu kabisa: "Ustadh, na mwenye yule ngamia alikuwa akilipa hesabu?"

Mwalimu akatabasamu, akasema hapana, alikuwa ndiye mwenye mali. "Basi na mwenye mali wetu aitwe," akasema kijana. Hajaitwa bado. Yeye husali msikiti mwingine.

Wiki hii pia nilikwenda ofisi moja ya serikali kuuliza kuhusu sheria. Ipo: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyoandikwa kabla ya uhuru, inayokataza kumpiga mnyama kikatili, kumtwisha kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa. Na Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeyaweka maslahi ya wanyama mikononi mwa kaunti. Karani alinisikiliza vizuri, akaniambia nimlete mkosaji. Nilitoka nikiwaza ningempeleka nani. Kijana? Mwenye punda? Mimi na mitungi yangu minne?

Jumanne, 1 Aprili

Idd Pili. Tumewapeleka watoto ufuoni, Bamburi kwa Jomo Kenyatta. Ngamia wamevikwa vitambaa vya rangi na shanga, watoto wanawapanda kwa zamu. Kwa jicho langu jipya nikaenda moja kwa moja kutazama chini ya tandiko. Ngozi safi. Mto mzuri, umeshonwa na mtu anayejua kazi. Mwenyewe akaniambia bila kuulizwa mara mbili: mteja akiona jeraha hapandi.

Sisemi ngamia yule ana raha. Kutwa kwenye jua, apige magoti, ainuke, apige magoti. Lakini mteja wake hukaa juu ya mgongo wenyewe, kwa hiyo mgongo unatunzwa. Mteja wa maji huona mtungi. Na nisijifanye mwema sana. Juzi ya Idd nilitoka soko la Kongowea na kuku wanne wa kienyeji, miguu imefungwa kwa utepe wa gunia, vichwa chini, mkononi mwangu mwenyewe nyuma ya bodaboda mpaka nyumbani. Nilikumbuka nilipokuwa nawafungua. Mmoja hakuweza kusimama.

Jumamosi, 19 Aprili

Mwenye punda amekuja kibandani. Mzee wa makamo, ana punda wanne na nyumba mbili za kupangisha, mtu mpole, alinitaka hali mpaka ya mama yangu. Nilimwita ami, nikampa kahawa na kashata, na sikumtajia ngamia wa Ansari. Nilimfungulia daftari. Sultani alilala siku 19 mwezi wa pili. Siku 19 kwa hesabu ya 600 ni shilingi 11,400, dawa na daktari bado. Mkanda ni 850. Akapitisha kidole kwenye namba mara mbili, akaagiza mikanda minne papo hapo. Nikaona nimsukume kidogo: Ijumaa bila hesabu, punda wapumzike. Alikataa. Tukaenda, tukarudi, tukakubaliana Ijumaa hesabu iwe 300, mwisho adhuhuri, na dawa iwe juu yake yeye. Tukapeana mikono.

Kisha, kahawa ya pili, akaniambia jambo lililonikalia vibaya mpaka sasa.

"Bwana fundi, mimi niliwahi kukaribia kuwauza wote. Wakati wa ngozi."

Vichinjio vya punda vilianza kufunguliwa Kenya mwaka 2016, vikafika vinne: Mogotio, Naivasha, Turkana na Machakos. Ngozi zilikuwa zikienda Uchina kuchemshwa zitoe ejiao, gundi inayotumika kwenye dawa na vipodozi. Kati ya Aprili 2016 na mwisho wa 2018 walichinjwa punda laki tatu hivi, kasi ambayo uzazi hauifikii, kwa maana punda hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mmoja. Watu waliamka wakakuta mizoga bila ngozi vichakani. Februari 2020 waziri wa kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku. Mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Ami alinieleza kwa ufupi zaidi. Dalali alimjia akampa bei ya mara mbili ya punda mzima. Akakaa na kalamu usiku kucha. Kilichomzuia ni kwamba angelazimika kununua wengine kwa bei ile ile.

Hiyo ndiyo kalamu niliyomshikisha tena leo. Nimemshinda kwa 11,400 dhidi ya 850, na nimefurahi, mikanda minne ni mikanda minne. Lakini namba haijui Sultani ni nani. Siku namba ikigeuka, nitakuwa nimemfundisha mzee wa watu kuitii. Ningejua namna nyingine ya kumwambia ningemwambia. Ile ya msikitini haikumfikia, ile ya sheria ilinirudia mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Masika imeshika. Watu wanakinga maji ya paa, mtungi umeshuka mpaka shilingi 10, vijana wanalalamika na punda wamenenepa.

Hali ya mradi: mikanda 6 iko barabarani. Nimehesabu tena punda 14 wa Januari. Wanne sasa wana vidonda vibichi, na hao wote bado wanavuta kwa kamba. Jike wa kijivu amepona, nywele zimeota nyeupe pale nilipomkata, alama yangu atazeeka nayo. Sultani anavuta kwa mkanda tangu Machi bila tatizo, ingawa foronya yake ya pili ilionekana imeanikwa kama pazia la dirisha kwa kina kijana.

Fundi wa kuchomelea wa hapa jirani ametusaidia bure kusogeza ekseli ya mikokoteni miwili. Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu sikulijua: mzigo ukilalia mbele, mikono ya mkokoteni inamkandamiza punda mgongoni kila gurudumu likiingia shimoni, ukilalia nyuma inamwinua. Tulisogeza ekseli kiasi cha kiganja. Sasa mkokoteni uliojaa mitungi 20 unainua mikono yake kwa vidole vitatu, na kabla ya hapo tuliinua watu wawili. Kipande cha chuma na nusu saa ya umeme. Mikokoteni hii imetengenezwa hivyo kwa miaka mingi na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa aliyekuwa akijua tofauti hasemi.

Ijumaa inafuatwa, zaidi au kidogo. Nilimwona Sultani adhuhuri iliyopita, amefunguliwa, akibingirika mchangani miguu juu, vumbi limepanda mpaka juu ya ukuta. Mwendeshaji alikuwa amesimama kando anamtazama, chai mkononi.

Jumamosi, 14 Juni

Ami amenunua tukutuku ya mizigo, ile ya magurudumu matatu, ya mkopo, yenye tangi la lita 1,000 nyuma. Safari moja ni kama safari mbili na nusu za punda, na haili pumba Ijumaa. Amekuja kunipa kazi ya kushona kiti cha dereva. Alikuwa na furaha, na sikuwa na haki ya kumwonea kinyongo. Mimi mwenyewe nililetwa kwenye cherehani ya umeme nikaiacha ya miguu.

Nikauliza punda. Wawili anabaki nao kwa vichochoro ambavyo tukutuku haipiti. Jike wa kijivu na Sultani anauza. Jike ameshapata mtu wa Mtwapa, mkulima. Sultani ana umri, meno yamesogea mbele, wanunuzi wamemtazama mdomoni wakaondoka. Kuna mmoja tu aliyerudi. Hakusema anamtaka kwa kazi gani.

Jioni kijana wake akaja kibandani. Hakukaa. Akaniuliza kama ningeweza kumsemea kwa mzee amwuzie yeye, kidogo kidogo. Nikamwambia namba ulizonichorea mchangani umezisahau? Punda mzee, tukutuku inakupita barabarani na maji ya bei ya chini. Akasema anajua. Atabeba mchanga wa ujenzi na taka, mitungi kumi tu kwa siku, hesabu hana tena. "Na huyu ananijua, fundi. Nikiumwa nikilala njiani, ananifikisha."

Tumekwenda wote kwa ami baada ya isha. Bei 18,000, hakushuka. Kijana ameweka 6,500. Ujira wangu wa kiti cha tukutuku ni 3,500, nimeomba ukatwe hapo. Ami ameandika kwenye daftari lake, na mimi naandika kwenye langu: zimebaki 8,000, mwisho wa mwezi wa nane. Mkanda na foronya zake mbili amempa bure.